Lucille Ball na Negativu Zake: Mwigizaji wa Studio Katika Enzi ya Runinga

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Lucille Ball ni hii: mwigizaji alihangaika Hollywood karibu miaka ishirini bila kupata nafasi iliyomfaa, kisha runinga ikaja, ikakiona kipaji chake, na kuanzia Oktoba 1951 akawa kipenzi cha Wamarekani kupitia I Love Lucy. Simulizi hiyo ni tamu, na sehemu yake ni kweli. Kasoro yake ni kwamba inaipa runinga sifa ya jicho kali ambalo studio zilikosa. Makala haya yanadai kwamba kilichobadilika hasa ni nafasi ya mwigizaji katika mkataba. Studio ilimlipa mshahara ikabaki na filamu. Ball na mumewe, Desi Arnaz, walikubali mshahara upungue ili filamu ibaki kwao. Historia yake ya baadaye, kupanda na kushuka, inaeleweka vizuri zaidi tukianzia hapo kuliko tukianzia kwenye kipaji.

Kipaji kilikuwepo tangu zamani. Ball, mzaliwa wa Jamestown katika jimbo la New York mwaka 1911, alifika Hollywood mwaka 1933 akiwa mmoja wa wasichana wa kupamba jukwaa katika Roman Scandals ya Samuel Goldwyn. Katika studio ya RKO alianzia chini kabisa: ndani ya Top Hat (1935) anaonekana dakika chache tu, muuzaji katika duka la maua. Miaka miwili baadaye alikuwa na maneno ya kutosha katika Stage Door, na mwaka 1942 alicheza na Henry Fonda katika The Big Street, akiwa mwimbaji mlemavu mwenye roho ngumu. MGM ilipomchukua ikampaka nywele rangi nyekundu kwa ajili ya filamu za rangi, na rangi hiyo hakuiacha tena. Kilichofuata ni kazi nyingi zisizo na mwelekeo: leo mrembo wa kuimba, kesho shoga wa mhusika mkuu mwenye ulimi mkali. Filamu zake nyingi zilikuwa za daraja la pili, zile za bajeti ndogo zilizoonyeshwa kusindikiza filamu kubwa.

Lakini daraja la pili lilikuwa shule. Mwigizaji wa filamu hizo alitakiwa kufika akijua maneno yake, asimame pale alipoambiwa, na amalize haraka kwa sababu muda ulikuwa pesa. MGM pia ndipo alipokutana na Buster Keaton, gwiji wa sinema isiyo na sauti ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa kubuni vichekesho vya wengine. Keaton alimsisitizia kuheshimu vifaa: mwigizaji akizoee kitu mikononi kabla ya kukifanyia mzaha. Kwa hiyo studio ilimfundisha kazi vizuri. Ilichokosa ni sababu ya kibiashara ya kumjengea filamu nzima, maana ilikuwa na wanawake wengine wengi chini ya mkataba.

Redio ndiyo iliyotoa sababu hiyo. Kuanzia 1948 hadi 1951 Ball aliigiza katika My Favorite Husband, kipindi cha CBS, na huko akapata waandishi Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr., walioelewa kwamba uso ule mzuri ungeweza kudhalilishwa bila kupoteza hadhi. CBS ilipotaka kipindi kihamie runinga, Ball akaweka sharti: mume kwenye kipindi awe mume wake wa kweli. Wakuu wa CBS walitilia shaka kama watazamaji wangemkubali Mmarekani mwenye nywele nyekundu aliyeolewa na Mkuba mwenye lafudhi nzito. Wawili hao walizunguka majukwaani mwaka 1950 kuthibitisha kwamba watu wangewakubali, na mwaka huohuo wakaunda kampuni yao, Desilu.

Mgogoro uliozaa kila kitu ulikuwa wa kijiografia. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka kipindi kirushwe moja kwa moja kutoka New York, kwa kuwa runinga nyingi zilikuwa Mashariki. Mtandao wa kurushia runinga uliounganisha pwani mbili za Marekani ulikamilika Septemba 1951 tu. Kabla ya hapo, kipindi cha upande mmoja kilifika upande mwingine kama kineskopu, yaani filamu iliyopigwa kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha runinga, yenye picha iliyofifia. Mdhamini hakuona kwa nini wavutaji wa New York waletewe picha mbovu kutoka California. Ball na Arnaz, kwa upande wao, hawakutaka kuhama. Suluhisho lililopatikana ni kukipiga kipindi kwa filamu halisi ya milimita 35, ili nakala ya kila mji iwe safi sawasawa. Gharama ikapanda. Wanandoa hao wakakubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki, na badala yake negativu, yaani filamu asilia zinazotolewa nakala, zikawa mali ya Desilu. CBS ilikubali bila ubishi mkubwa. Wakati huo kipindi kikisharushwa kilihesabiwa kuwa kimekwisha. Nani angetaka kukitazama mara ya pili?

Kisha ikabidi ufundi upatikane. Filamu ya kawaida hupigwa kwa kamera moja, tukio likikatwa vipande na taa zikipangwa upya kwa kila kipande. Hapa zilihitajika kamera tatu kufanya kazi kwa wakati mmoja mbele ya watu 300 hivi walioketi wakicheka. Kamera kadhaa kwa pamoja zilikuwa zimejaribiwa na wengine kabla ya Desilu, na si haki kuwapa Ball na Arnaz sifa yote. Ila aliyekabidhiwa kazi ya mwanga alikuwa Karl Freund, mpigapicha wa Metropolis na wa Dracula, ambaye pia alikuwa amempiga picha Ball katika Du Barry Was a Lady (1943). Freund alipandisha taa juu na kueneza mwanga sawia, ili kamera yoyote isikute kivuli cha nyingine. Kwa jicho la mpenda sinema matokeo yanachosha kidogo. Fundi wa vivuli vya Berlin anamulika sebule ya akina Ricardo, familia ya Lucy kwenye kipindi, kama duka la dawa. Lakini mwanga huo ulimruhusu mwigizaji kusogea atakako bila kusimamishwa, na bila uhuru huo Lucy asingekuwepo.

Tazama kipindi kilichorushwa tarehe 5 Mei 1952, ambamo Lucy anapata kazi ya kutangaza dawa ya nguvu iitwayo Vitameatavegamin. Hajui kwamba dawa ina kileo asilimia 23. Mwongozaji anamtaka arudie tangazo, na kila anaporudia anameza kijiko kingine. Mara ya kwanza maneno yako sawa ila uso unakunjamana kwa ladha mbaya. Baadaye uso unatulia, unaanza kuipenda dawa, na ndipo maneno yanapopoteana. Silabi za jina refu la dawa zinabadilishana nafasi. Kijiko kinakosa mdomo. Chupa inageuka rafiki. Hakuna kinachoonekana kubahatishwa. Kila hatua ya ulevi iko juu kidogo ya iliyotangulia, na anayeigiza kulewa ndiye mtu makini kuliko wote jukwaani. Mzaha wenyewe, nionavyo, ni mzaha kuhusu kazi ya studio: kurudia na kurudia mbele ya kamera kwa amri ya mtu mwingine mpaka maana itoke. Na tangazo linafanyiwa dhihaka katika kipindi kilichogharimiwa na tangazo la sigara.

Thamani ya negativu ilijitokeza kupitia mimba. Ball alipopata ujauzito mwaka 1952, mimba iliingizwa katika hadithi, ingawa neno lenyewe la Kiingereza halikuruhusiwa kutamkwa, na miswada ilipitiwa na padri, mchungaji na rabi. Kipindi cha kuzaliwa mtoto kilirushwa 19 Januari 1953, siku ileile Ball alipojifungua kwa upasuaji, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 44. Mama alipopumzika, Desilu ilirusha tena vipindi vya zamani vikiwa vimeongezewa utangulizi mpya. Watu walitazama. Marudio yakageuka biashara.

Hoja hii isivutwe kupita kiasi. Umiliki haukumlinda Ball Septemba 1953, habari ilipovuja kwamba mwaka 1936 alikuwa amejiandikisha kuwa mpiga kura wa Kikomunisti, kwa maelezo yake ili kumridhisha babu yake. Siku hizo wasanii walipoteza kazi kwa makosa madogo zaidi. Aliponusurika, ni kwa sababu mdhamini na CBS walimwona ana faida kubwa mno kutupwa, na wangeweza kuamua vingine. Tena negativu zilikuwa za Desilu, si za kila uso uliomo: waigizaji wenzake Vivian Vance na William Frawley walikuwa waajiriwa, kama Ball alivyokuwa RKO.

Hata hivyo, mlinganishe Ball na Ronald Reagan, mwenzake wa enzi ya studio, aliyeingia Warner Bros. mwaka 1937. Kuanzia 1954 Reagan alikuwa mtangazaji wa General Electric Theater na msemaji wa kampuni hiyo, akizunguka viwandani kuhutubia wafanyakazi. Jina la kampuni lilikuwa kwenye kichwa cha kipindi, na mwaka 1962 kampuni ikakifuta. Alichoondoka nacho hasa ni hotuba, na tunajua zilimfikisha wapi. Ball alishika mpini, na mwisho wa 1957 Desilu ikanunua viwanja vya RKO, studio ileile iliyokuwa ikimlipa mshahara, kwa zaidi ya dola milioni 6.

Ununuzi huo husimuliwa kama kilele cha ushindi. Mimi nauona kama mwanzo wa tatizo, kwa sababu sehemu ya fedha ilitokana na kuiuzia CBS haki za I Love Lucy. Desilu ilibadilisha mali isiyodai matunzo kwa majengo yanayodai mishahara ya mafundi kila wiki. Ndoa ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 Ball alinunua hisa za Arnaz akawa rais wa kampuni, na chini yake zikaanza Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966. Mwaka uliofuata aliiuza Desilu kwa Gulf and Western kwa dola milioni 17. Alipokuja kurudi katika Life with Lucy mwaka 1986, kituo cha ABC kilikifuta kipindi baada ya kurusha sehemu 8 kati ya 13 zilizopigwa, huku marudio ya I Love Lucy, ambayo hakuyamiliki tena, yakiendelea kuonyeshwa nchi nzima.