Motere ya okazioni inaamshwa ikiwa baridi

Mwaka 1897, kule Augsburg nchini Ujerumani, Rudolf Diesel alionyesha motere isiyo na bujie. Ndani yake pistoni inakandamiza hewa mpaka inapata moto mkali. Mazutu ikirushwa humo inawaka yenyewe. Pete za pistoni zikiliwa, hewa inavuja, joto linapungua, na motere inakataa kuamka asubuhi.

Jambo hilo la kizamani linasumbua Goma zaidi kuliko Mombasa, mahali gari nyingi zinashuka melini. Goma iko mita karibu 1,500 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, usiku ni wa baridi.

Gari zenyewe zinatoka sana Japani, ndiyo sababu usukani uko kuume. Sheria ya huko ya mwaka 1951 ilileta ukaguzi wa lazima, na gharama yake inasukuma wengi kuuza gari ingali na nguvu. Ila mpaka ifike Kivu imekwisha kupita kwa wenyewe wengine, na hesabu ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Bora kutoiamini.

Mafundi wa Congo walijifunza kusikiliza motere katika shida. Mobutu alipotangaza zairianizasio tarehe 30 Novemba 1973, biashara za wageni zilipewa Wazairwa, na vitu vya nje, piesi za gari pia, vikaadimika.

Mwezi wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, benki zilifunga. Familia iliyohama, ikitafuta gari ya taksi, inalipa dolari mkononi, mara nyingi akiba yote ya nyumba. Muuzaji mjanja anawasha motere mapema, ao anamimina dawa nzito katika mafuta ili kelele inyamaze siku chache.

Kwa hiyo fundi anagusa kapo kwanza. Ikiwa na joto, anaomba kurudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, ufunguo ukiwa haujaguswa. Motere ikiamka, anaangalia nyuma: moshi wa bluu usiokoma ni mafuta yanaungua. Anafungua kifuniko cha mafuta motere ikizunguka. Moshi ukisukuma kwa nguvu, pete zimekwisha. Chini ya kifuniko kukiwa na uji mweupe kama maziwa, maji yameingia, na hapo fundi anafunga kapo bila kuuliza bei.