Tembo Anamlipa Chozi

Historia ya kaboni ya Nairobi inaanza na kuni. Reli ilipofika hapa mwezi Mei 1899 ikitokea Mombasa, injini zake zilikuwa zinakula miti. Makaa ya mawe yangeletwa kwa meli kutoka mbali na bei yake ilikuwa juu, na misitu ilikuwa hapo hapo kando ya njia. Miti ya asili ilipoanza kupungua, wakoloni wakapanda mikaratusi na miwati kwa sababu inakua haraka. Ukitembea Karura leo ukaona mikaratusi imesimama mistari kama askari wa gwaride, usidhani kuna mtu alikuwa anapamba. Ile ilikuwa stoo ya kuni za treni. Msitu wenyewe ulitangazwa rasmi kuwa wa serikali mwaka 1932.

Naanzia huko kwa sababu ya swali la binamu yangu, fundi wa friji kule Kangemi. Nilikuwa namweleza kuhusu mashine zinazonasa kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kwamba kuna Wakenya wanaziunda hapa Nairobi. Akaniangalia vile fundi humwangalia mteja aliyejaribu kujitengenezea friji.

"Sasa si hiyo ni kazi ya mti? Na mti haulipishi."

Ni swali la haki, na ndilo kila mtu huuliza. Lakini hebu tuone Karura inasema nini. Mti ulivuta kaboni miaka thelathini, ukaangushwa, ukaingia kwenye tanuri la injini, na kabla treni haijamaliza kupanda Limuru kaboni yote ilikuwa imerudi hewani. Mti hukopesha tu. Ukiungua, ukioza au waziri akibadilisha mawazo, mkopo unarudishwa. Julai 2023 serikali yetu iliondoa marufuku ya kukata miti, na Novemba mwaka huo huo ikatupa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, tukielekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sisemi ni unafiki. Nasema tu kwamba kaboni iliyowekwa kwenye mti inategemea wanasiasa wa nusu karne ijayo.

Uliza mugumo wa Waiyaki Way. Barabara ya juu, ile Expressway, ilipokuwa inajengwa, miti mingi kutoka Westlands kushuka mjini iliondoka. Mugumo mmoja mkubwa, wa umri wa karibu miaka mia, ulipona Novemba 2020, na uliponywa na amri ya Rais. Mti mmoja, amri moja ya Rais. Kwa mwendo huo tutahitaji marais wengi.

Mashine inadai kutoa kitu ambacho mti hauwezi: jiwe. Feni zinavuta hewa ipite kwenye kichungi chenye kemikali inayoshika kaboni. Kichungi kikijaa kinafungwa na kupashwa joto la karibu nyuzi 100, kaboni inaachia, inakusanywa, inachanganywa na maji na kusukumwa chini kwenye miamba ya volkeno. Huko inashikana na madini na kuwa mwamba. Iceland walijaribu hili kuanzia 2012, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kaboni waliyoisukuma chini iligeuka mwamba ndani ya miaka miwili. Jiwe haliungui, na hakuna waziri wa kuliondolea marufuku.

Tatizo ni hesabu. Nilisoma uhandisi miaka miwili kabla karo haijanishinda, kwa hivyo najua habari za joto na nishati kiasi cha kutosha kuogopa. Kaboni dayoksaidi hewani ni takriban chembe 420 katika kila milioni. Hiyo ni chembe moja katika kila 2,400. Fikiria stendi yenye matatu 170 za abiria kumi na wanne, zote zimejaa, na wewe unatafuta mtu mmoja tu, hujui yuko kwenye gari gani. Ukimpata, anza tena. Ndiyo maana kazi hii inakula nishati nyingi sana, na ndiyo maana bei yake bado ni mamia ya dola kwa tani moja.

Kampuni ya Climeworks ya Uswisi ilifungua mtambo wa Mammoth huko Iceland mwaka 2024, uliotangazwa kuwa na uwezo wa tani 36,000 kwa mwaka. Dunia inatoa tani karibu bilioni 37 kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu: kazi ya mwaka mzima ya Mammoth ni moshi wa dunia wa sekunde 31. Na hiyo ni kama mtambo ungefikia uwezo wake. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Iceland viliripoti kwamba kaboni iliyonaswa hadi wakati huo ilikuwa sehemu ndogo sana ya hiyo, na kampuni ikapunguza wafanyakazi.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu alete mashine hii Kenya? Kwa sababu ya joto. Sehemu kubwa ya nishati inayohitajika si umeme bali joto, na Bonde la Ufa lina joto chini ya ardhi na miamba inayofaa ya kuficha kaboni, vyote mahali pamoja. Octavia Carbon, iliyoanzishwa 2022 na mhandisi Mkenya Duncan Kariuki na Martin Freimüller wa Austria, inaunda mashine zake hapa Nairobi. Pamoja na kampuni ya Cella, inayoshughulika na kuweka kaboni kwenye miamba, wakatangaza mradi wa Gilgil wenye lengo la tani 1,000 kwa mwaka. Mradi wakauita Hummingbird.

Kwa Mkenya jina hilo lina mwenyewe. Wangari Maathai alipenda kusimulia hadithi ya ndege mdogo na msitu unaoungua. Wanyama wote wamesimama wakitazama, wameduwaa. Ndege mdogo anaenda mtoni, anachota tone moja kwa mdomo, anamwagia moto, anarudi. Tembo, mwenye mkonga mrefu wa kubeba maji mengi, anamwambia atashindwa. Ndege anajibu kwamba anafanya kile anachoweza.

(Kwa wanaopenda ndege: hummingbird ni wa Amerika, na hadithi yenyewe ilitoka huko. Ndege wetu anayekaribiana naye ni chozi, yule mdogo anayeng'aa anayenyonya maua. Tumwite chozi.)

Nimeisikia hadithi hiyo tangu shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza nani aliwasha moto. Hadithi haisemi. Lakini kwenye moto wetu tunajua. Mchango wa Kenya kwenye hewa chafu ya dunia ni mdogo sana. Nchi zilizopika hewa hii zina majina. Na siku hizi tembo hasimami tu akitazama. Bado anaongeza kuni, na amegundua kwamba anaweza kumlipa chozi amchukulie matone, kisha aandike kwenye ripoti yake ya mwaka kwamba maji yale aliyabeba yeye. Hiyo ndiyo karadha ya kaboni, kwa ufupi. Tani inanaswa Gilgil, cheti kinauzwa, na kwenye vitabu vya hesabu inafutwa tani iliyotolewa kwingine.

KICC imeona pande zote mbili za biashara hii. Tarehe 5 Juni 1977 Maathai na wenzake waliandamana kutoka hapo hadi Kamukunji wakapanda miti saba, na Green Belt Movement ikaanza hivyo. Kuanzia tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023, jengo lile lile lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu tabianchi. Ndani, kampuni za Falme za Kiarabu, nchi ya mafuta, ziliahidi kununua karadha za kaboni za Afrika za dola milioni 450 kufikia 2030. Nje, barabarani, waandamanaji walikuwa wamebeba mabango ya kupinga biashara hiyo hiyo. Ukishuka kutoka KICC hadi Uhuru Park ni mwendo wa dakika kumi, na pale ndipo Maathai alianza kupigana na mpango wa jumba la ghorofa 60 mwaka 1989, akaambiwa kwamba anapinga maendeleo. Neno "maendeleo" mjini hapa limetumika sana, mtu angelifanyia sabisi.

Lakini sehemu ya historia inayonikosesha usingizi haiko mjini. Iko juu ya lile joto.

Mwaka 1904 Waingereza waliwatia Wamaasai sahihi kwenye mkataba uliowaondoa Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ili walowezi wapate malisho. Waliahidiwa Laikipia milele. Milele ikaisha 1911, wakahamishwa tena. Walipoenda mahakamani 1913, wakaambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya mataifa mawili, hivyo si jambo la mahakama hii. Soma hiyo mara mbili: ni taifa huru pale linaponyang'anywa tu. Uchimbaji wa kutafuta mvuke Olkaria ulianza miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza, megawati 15, ukawaka 1981. Leo umeme wa mvuke ni karibu asilimia 40 ya umeme wetu, na nafurahi, kwa sababu simu ninayoandikia inachajiwa nao. Lakini mtambo wa Olkaria IV ulipojengwa, familia za Wamaasai zipatazo 150 zilihamishwa mwaka 2014, wakalalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi waketi kwenye meza ya usuluhishi.

Kwa hivyo mtu anaponiambia kwamba joto la Bonde la Ufa ni "rasilimali isiyotumika", mimi nasikia 1904. Walowezi pia walisema ardhi haitumiki. Ni kweli usiku mahitaji ya umeme hushuka na mvuke mwingine huachiliwa bure. Mashine ikitumia huo, sina neno. Lakini jioni, watu wakirudi Kawangware na Uthiru na kuwasha taa, gridi hulemewa, na Rais mwenyewe amewahi kukiri kwamba kuna maeneo huzimiwa umeme saa hizo. Mashine ya kusafisha moshi wa Texas haifai kupangwa mbele ya mama anayesubiri stima apike.

Na kuna hesabu nyingine. Kaboni rahisi zaidi ni ile ambayo haikutoka. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, baada ya wakazi na wanaharakati kupigana nao kwa miaka. Mtambo ule ungetoa mamilioni ya tani kila mwaka. Walichotumia ni mawakili, karatasi na nauli ya basi. Hakuna mashine duniani itakayoshinda bei hiyo kwa tani.

Basi zina maana ama hazina? Mimi niko upande wa kuziunda. Binamu yangu alipouliza mara ya pili nilimwambia hivyo na akacheka. Siku dunia ikiacha kuchoma mafuta, kaboni iliyokwisha kwenda juu itabaki huko karne nyingi, na kuna mtu atalazimika kuishusha. Nataka mtu huyo awe mhandisi wa hapa, aliyejifunza kwenye karakana ya Nairobi kwa kuvunja na kuunda upya, badala ya sisi kuja kununua ujuzi huo kwa dola 2050. Wenzangu niliosoma nao, wale waliomaliza, wengi wanauza bima. Kazi ya kichungi na feni na joto ni kazi halisi. Hata fundi wa friji ana nafasi, kwa sababu mashine hizi zina pampu, mabomba na compressor, na hapo ndipo binamu alipoacha kucheka akaanza kuuliza wanalipa ngapi.

Ninachokataa ni cheti kinachompa tembo ruhusa ya kuongeza kuni. Tani iliyonaswa ihesabiwe kama usafi wa uchafu wa jana. Akiitumia kuhalalisha uchafu wa kesho, hatujasafisha chochote.

Sheria yetu imeanza kugusa jambo hili, kwa upande mmoja tu. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi ilipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, na isiyotegemea ardhi asilimia 25. Sasa mashine hizi ni zipi? Kinachonaswa ni hewa, ambayo si ya mtu. Joto linatoka chini ya ardhi. Jiwe linabaki chini ya ardhi. Najua wakili wa kampuni atasema ni hewa, na najua mzee wa Naivasha atasema ni ardhi. Kati ya majibu hayo mawili kuna asilimia 15, na mradi wa kwanza mkubwa utakapotia sahihi, hapo ndipo nitafungua mkataba kwanza.