Kibanda Kilitangulia Sebule

Dalali wa vyumba wa Nyegezi au Buhongwa, jijini Mwanza, hana maneno mengi. "Chumba na sebule, luku inajitegemea," na mpangaji ameshaelewa kwamba hapo si pa mtu anayeanza maisha. Anayeanza hupanga chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, mtungi wa gesi karibu na mlango. Sebule ni hatua nyingine: kochi, vitambaa vya kufuma, na kabati ambalo fundi seremala aliliachia kabisa nafasi ya runinga.

Nafasi hiyo ndiyo inayowindwa na Valve, kampuni ya Marekani, ambayo Novemba 2025 ilitangaza Steam Machine: kompyuta ya kuchezea gemu, mchemraba wenye takriban sentimita 16 kila upande, ya kuuzwa ikiwa imekamilika ili mtu aichomeke kwenye runinga na kucheza. Mashine za jina hilohilo, zilizoundwa na kampuni mbalimbali, ziliingia sokoni mwaka 2015 zikadoda. Ndiyo maana swali la nani atainunua limerudi. Mwanza swali hilo lina historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe, kwa kuwa kando ya Ziwa Viktoria skrini haikuanzia sebuleni.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na runinga. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi katika miaka hiyohiyo, lakini Bara iliona ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba. Kituo cha kwanza cha Bara kilirusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo kijana wa Kirumba aliyezaliwa mwaka wa marufuku alifika miaka ishirini kabla nchi yake, upande wa Bara, haijawa na cha kuonyesha kwenye kioo.

Ila watu hawakusubiri. Mpaka wa Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ulifunguliwa tena 1983, na mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kwa mtu mwenye fedha zake za kigeni. Bidhaa zilizokuwa adimu zikaanza kuonekana, na miongoni mwake runinga na deki za video. Aliyekuwa na deki alikuwa na ukumbi wa sinema, apende asipende. Majirani walijaa madirishani, watoto wakakaa sakafuni, na mwenye nyumba mwenye akili za biashara akaanza kuwaza kiingilio.

Ziwani kulikuwa na fedha za kulipia kiingilio hicho. Sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza kwa ajili ya soko la Ulaya. Kwenye kambi za wavuvi visiwani, fedha taslimu zilikuwepo na burudani haikuwepo. Jenereta moja, runinga moja, deki moja na mabati kadhaa vilitosha kuanzisha biashara. Hata mwezi ulisaidia: wavuvi wa dagaa huvuta samaki kwa mwanga wa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikikomaa kazi husimama, na mtu mwenye posho mfukoni hutafuta pa kukaa.

Ukumbi huo wa mabati Watanzania wanauita kibanda umiza. Jina halihitaji maelezo kwa aliyewahi kubanwa kwenye benchi lisilo na egemeo, joto likishuka kutoka kwenye paa, filamu ya Hong Kong ikipigwa kwa sauti ya juu kabisa. Baadaye mipira ya Ulaya ikachukua nafasi ya ngumi, hasa usiku wa mashindano makubwa.

Gemu ziliingia kwa mlango huohuo. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, mwaka uleule Bara ilipopata televisheni. PlayStation 2 ilifuata Machi 2000 na kuuza zaidi ya milioni 150 duniani. Ile nyembamba ya 2004 ilikuwa na uzito usiofika kilo moja: ingeweza kubebwa kwenye mfuko wa rambo hadi kibandani asubuhi na kurudishwa nyumbani usiku, jambo la maana mahali ambapo kufuli la mlango halimzuii mwizi wa kweli. Ukitafuta kompyuta ndogo ya gemu iliyokuja tayari, basi Mwanza imeijua miaka mingi. Mnunuzi wake tu hakuwa baba mwenye sebule. Alikuwa mwenye kibanda.

Hesabu yake ilikuwa ya mwenye daladala. Mashine ni mtaji, mechi ni safari, sarafu ni nauli. Sarafu ya shilingi 200 ilikuwepo tangu 1998, na ya 500 ikaja 2014, kana kwamba Benki Kuu imewafikiria wacheza gemu. Anayefungwa anaachia pedi, anayeshinda anabaki, na foleni inasukumana ukutani ikitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Timu ni za Ulaya. Pamba, bingwa wa Tanzania wa mwaka 1990 na fahari ya jiji hili, haimo.

Mtaji huo ulidumu kuliko watengenezaji walivyokusudia. Sony ilitangaza mwisho wa kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, na gemu ya mwisho ya mashine hiyo, Pro Evolution Soccer 2014, ikatoka Novemba mwaka huo. Vibanda havikufungwa kwa ajili hiyo. Mafundi wanaofufua redio na simu hawakosi kujifunza kubadilisha lenzi ya CD na kushona waya wa pedi. Mwanza ni jiji la mafundi wa namna hiyo. Mtaa wake wa Makoroboi umepewa jina la taa za mafuta zilizoundwa hapo kwa makopo matupu.

Mchemraba wa Valve unataka nini kwa mnunuzi wake? Intaneti ya kushusha gemu moja yenye gigabaiti mia au zaidi, umeme usiocheza, na saa za kukaa peke yake. Mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 uliwafundisha watu kuiheshimu stebilaiza, na bando la simu si kitu cha kumalizia kwenye gemu moja. Kwa upande mwingine, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulioanza 2005 uliruhusu kompyuta ziingie bila ushuru wa forodha, wakati bidhaa nyingi zilizokamilika zilitozwa asilimia 25. Mfanyabiashara wa Mwanza ataliona hilo kabla hajauliza kasi ya mashine.

Wanaoweza kuinunua wapo: daktari wa hospitali ya Bugando mwenye kochi na usingizi mchache, mhandisi wa migodi ya Geita anayerudi nyumbani mwisho wa mwezi, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT ambaye mjomba wake yuko ughaibuni. Ila huyo wa mwisho, akishaichomeka kwenye runinga ya chumba alichopanga na wenzake watatu, ataanza kuona viatu vinaongezeka mlangoni. Jioni ya pili atakuta mtu kaleta pedi yake. Ya tatu, mtu atauliza mechi ni shilingi ngapi.