Bonane ya Likasi: namna tulivyojifunza kujipa pole

Asubuhi ya tarehe 1 Januari salamu ni moja tu, uwe Kikula, Panda au Shituru: "Bonane!" Watoto wanatembea nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya, na mama akiwa na wali na kuku hawezi kuacha jirani apite mlangoni bila kuonja. Desturi hiyo tunaijua wote. Tusiyoizungumza sana ni ya yule baba aliyetoka mapema siku hiyo, akisema anaenda kuona mtu, akarudi usiku watu walipokwisha kulala. Kumbe hakuna mtu aliyemwona. Alikimbia macho ya watoto wake. Mji wetu ulikuwa na baba wengi wa namna hiyo, na historia ya Bonane yetu haiwezi kuandikwa bila wao.

Tuanzie mbali kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliona afadhali mtumishi akae na bibi na watoto kuliko kutafuta watu wapya kila mara. Ndipo makambi yakawa miji ya jamaa. Kampuni ilitoa nyumba, posho, masomo na hospitali. Watoto wachanga walipimwa uzito, banamama walifundishwa kushona katika fuaye. Mtumishi hakujiuliza kama mwili wake umechoka: muganga wa kampuni njo alimwita, njo alimpima, njo alisema apumzike ao arudi kazini. Ndiyo maana bazee walisema kampuni ni baba, tena ni mama. Baba mkali lakini. Mwezi wa Desemba 1941 watumishi wa hapa na wa Elisabethville waliacha kazi wakidai mishahara, na tarehe 9 huko Elisabethville askari wakapiga watu bunduki, wengi wakafa.

Tukio moja linaangukia Bonane yenyewe. Mwisho wa Desemba 1966 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na tarehe 1 Januari 1967 tuliamka tukiwa na baba mpya, Gécomin, ambaye baadaye aliitwa Gécamines. Mwaka huohuo wa 1966 Jadotville ilikuwa imegeuka Likasi. Majina yaligeuka, mfuko wa unga haukugeuka.

Halafu nguzo zikaanguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, ulibomoka. 1991 ikawa uporaji. Tangu 1992 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na Bonane ya 1993 iliwakuta wengi wakilala kwenye stesheni ya Likasi wakingojea treni. Jambo hilo linahitaji kitabu chake, na haya yake ni ya namna nyingine. Gécamines iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 haikufikisha hata 40,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia ulianza kuondoa watumishi zaidi ya 10,000. Uliitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu ambaye hajalipwa?

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho kichwa chake kinasema wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Ni kweli, lakini sisi tuliokaa katika nyumba hizo tuliona jambo jingine. Yule aliyeachwa alijihesabia kosa. Alisema, "Mimi sina maana tena." Mwingine alishika lutuku. Mwingine aliumwa kifua mwaka mzima bila kwenda hospitali, maana maisha yake yote alizoea kuitwa, na sasa hakuna aliyemwita.

Banamama walitangulia kufahamu. Walilima matembele, waliuza makala na unga, wakafanya likelemba ya Bonane: kila juma kila mmoja anatoa kidogo, Desemba wanagawana. Mmoja wao, tunayemfahamu vizuri, alimzuia mume wake mlangoni siku ya Bonane. "Baba ya batoto, haiko weye njo ulibomoa kampuni. Ujipe pole. Ikala hapa na sisi."

Neno hilo lilitushangaza. Pole tunampa mfiwa, tunampa msafiri, tunampa hata mtu aliyejikwaa njiani. Kujipa mwenyewe kulionekana kama uvivu, ao kama mchezo. Mzee huyo alikaa lakini. Alipewa kikombe cha munkoyo, na hapakuwa na kuku siku hiyo, palikuwa na bukari na matembele. Majirani waliingia, wakasema Bonane, wakala kidogo, hakuna aliyeuliza nyama iko wapi. Wawili kati yao walikuwa pia wametoka nyumbani kwao kujificha.

Juma lililofuata alienda kupimwa kifua, kwa miguu yake, bila kuitwa. Na Bonane ya mwaka wa pili, watoto wa jirani walipobisha hodi, yeye njo alifungua mlango.