Shahada ya Tabibu na Haki ya Askari Majeruhi

Katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, baina ya ziwa Natron upande wa mashariki na mbuga za Serengeti upande wa magharibi, pana vijiji vya Wabatemi, ambao jirani zao na vitabu vya zamani huwaita Wasonjo, watu waliojifunza tangu kale kuyaongoza maji ya chemchemi kwa mifereji mpaka mashambani, na waliokabidhi zamu za maji hayo mikononi mwa wazee waitwao wenamiji. Nayataja maji kwanza, ingawa habari yangu ni ya askari na majeraha yao, kwa sababu mtu wa Sale ajua tangu utoto maana ya kuomba haki mbele ya yule ambaye mwenyewe ana hisa katika kitu kiombwacho. Wenamiji wana fungu lao la maji litanguliao mafungu ya wengine, na asiye na fungu hana budi kuwaendea na kuwaomba. Lakini huomba uso kwa uso, kwa lugha yake, na jibu hulisikia kwa masikio yake mwenyewe. Askari aliyerudi vitani na goti lisilokunjika hakujaliwa hata hayo.

Dai la askari majeruhi, popote duniani, husimama juu ya mambo matatu: kwamba alitumika jeshini, kwamba ana kilema au maradhi, na kwamba kilema hicho au maradhi hayo yalitokana na utumishi ule. La kwanza huthibitishwa kwa cheti, na la pili mara nyingi huonekana kwa macho. Bali la tatu ni siri iliyofichika ndani ya mwili, wala hapana awezaye kuisema mbele ya serikali ikakubaliwa ila tabibu. Hapo ndipo penye mlango wa insafu na mlango wa dhuluma pia, kwani tabibu aulizwaye akiwa ni mwajiriwa wa yule atakayelipa, na rai yake isiwe na rai ya pili ya kupimwa nayo, basi mdai na mdaiwa hawakusimama sawasawa mbele ya mizani.

Vita Vikuu vya kwanza vilifika upesi karibu na nchi hii. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliwashambulia Wajerumani katika mlima Longido wakarudishwa nyuma, na mwezi wa Machi 1916 majeshi yao yaliingia Arusha, yakashika njia ya Kondoa Irangi. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wachukuzi, na idadi yao iliwapita askari mbali sana. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo la Dar es Salaam na lile la Kariokor la Nairobi, ambayo yote mawili ni jina la kikosi cha wachukuzi katika Kiingereza, lililopita vinywani mwa watu wetu likapata umbo letu. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa chache mno. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, maradhi yaliyoletwa na unga usioiva, mvua ya usiku na mizigo isiyo na kituo.

Mchukuzi alivikwa shingoni bamba dogo la chuma lenye namba, na kwa namba hiyo alilipwa mshahara, na kwa namba hiyo aliandikwa pindi afapo, kama aliandikwa. Bamba lile lilimtambulisha kwa karani, lakini halikusema neno hata moja juu ya matumbo yake yaliyoharibika wala mapafu yake yaliyodhoofika. Na mtu aliyerudi kwao akakohoa miaka minane kisha akafa, huyo hakuhesabiwa katika waliokufa vitani, maana hapakuwa na tabibu aliyeandika kwamba kikohozi kile kilianzia njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao kama walivyokumbukwa Wazungu. Ungamo hilo lilihusu maiti. Juu ya walio hai waliorudi na maradhi, sijaona ungamo.

Upande wa Wajerumani ipo habari isimuliwayo sana, nami naileta kama ilivyosimuliwa. Mwaka 1964, mwaka uleule aliokufa jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza katika vita vile, Ujerumani Magharibi iliidhinisha fedha za kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa wangali hai, na mlipaji akafungua ofisi ya muda mjini Mwanza. Wakaja wazee wapatao mia tatu na hamsini. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuleta kitu. Mlipaji akatwaa ufagio, akampa mzee mmoja mmoja, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Na yasemwa kwamba hapana hata mmoja aliyeshindwa kuushika kama bunduki. Wengi huisimulia habari hii kwa kuisifu kumbukumbu ya wazee wale, nami naisifu pia, lakini yanipasa kuuliza: je, yule ambaye mkono wake ulikatwa vitani angaliushikaje ufagio? Mtihani ule ulithibitisha utumishi tu, na kwa umbile lake ulimfaa mzima kuliko kilema.

Katika Vita Vikuu vya pili Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, wengi wao wakiwa katika jeshi la Waingereza la Waafrika ambalo watu waliliita keya. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300, na miongoni mwao walikuwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katika matope ya masika, mpaka ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Walioliona bonde lile walirudi na malaria iliyokuwa ikiamka kila mwaka, na masikio yaliyozibwa na mizinga.

Sheria ya Uingereza ya zama zile ilikwisha kujifunza jambo kubwa. Ilipima ulemavu kwa mafungu ya mia: aliyepoteza viungo viwili au macho yote mawili alihesabiwa mia kwa mia, na aliyepungua ishirini hakupata pensheni ya daima bali bahashishi tu. Kisha, mwaka 1943, zikawekwa mahakama za rufani za pensheni, ambamo pamoja na mwanasheria aliketi tabibu asiye wa wizara na mtu aliyepata kuwa askari, na shaka ya haki ikawa faida ya mdai. Lakini mahakama hizi zilikaa Uingereza. Mtu wa Sale hakuwa na njia ya kuzifikia, na hata katika bahashishi ya kuachishwa vitani, Mwafrika wa cheo kilekile hakupata hata nusu ya alichopata Mzungu.

Tufikiri basi askari mmoja, ambaye simpi jina kwa kuwa simtoi katika daftari lolote, ameketi juu ya benchi siku ya kuachishwa, na nyuma yake wamepanga mstari wenziwe mia wanaotaka kurudi makwao. Tabibu anamshika goti, analikunja, linakwama. Anauliza neno kwa Kiingereza, mkalimani analigeuza Kiswahili, na askari, ambaye lugha ya kwao ni Kibatemi, anajibu kwamba goti lilimuuma zamani pia, akikusudia zamani ya mwaka jana katika bonde lile. Mkalimani hulirudisha neno “zamani” peke yake. Tabibu anaandika mstari mmoja: maumivu ya tangu kabla ya utumishi. Hapana aliyesema uongo katika chumba kile, wala hapana aliyemchukia mtu. Bali kalamu ilikuwa moja tu, na mstari ule mmoja ukamfuata askari mpaka kaburini.

Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba rai ya tabibu wa pili, aliye huru na fedha za mlipaji, ni sehemu ya haki yenyewe, wala si anasa ya wenye mali. Marekani, ambako wako leo Waafrika Mashariki waliovaa sare ya nchi ile, mdai huruhusiwa kuleta barua ya tabibu wake mwenyewe aelezaye namna maradhi yalivyofungamana na utumishi, na ushahidi wa pande mbili ukilingana katika mizani, sheria yaamuru askari ndiye apewe. Kwetu, kwa wafanyakazi, Mfuko wa Fidia ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008 huwafunza matabibu wa mikoani kupima ulemavu, na huko pia pana mpaka: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, uzidio hapo hulipwa kila mwezi. Baina ya 30 na 31 yako maisha ya mtu na watoto wake, na kalamu ya tabibu ndiyo iamuayo mtu yuko upande gani wa mpaka huo.

Askari wetu vijana waliovuka mto Kagera katika vita na Uganda mwaka 1978 na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 ni wazee sasa. Hospitali kuu ya jeshi iko Lugalo, Dar es Salaam, safari ndefu kwa mzee asiyekunja goti. Lakini Wasso, jirani na Loliondo, ipo hospitali tangu miaka ya 1960, iliyoasisiwa na Herbert Watschinger, padri aliyekuwa tabibu. Nawaomba matabibu wa huko na wa vituo vyote vya Sale: ajapo mzee wa namna hiyo, msimpe dawa ya maumivu tu akaenda zake. Muulizeni kwa lugha yake aliumia wapi, mwaka gani, akiwa kikosi gani. Pimeni, andikeni mlichokiona na sababu mnayoiamini, tieni sahihi na muhuri, na nakala moja mpeni mkononi aende nayo nyumbani. Nanyi wana na wajukuu, fungueni masanduku ya wazee wenu, mvitoe vyeti vya kuachishwa jeshi kabla mchwa hawajavila.