Reli ya Uvira–Kamanyola: je, kichwa cha dizeli kingeiokoa?

Leo naandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tulizaliwa tukakuta kimeshafutika: Uvira ilikuwa na treni. Si hadithi ya kulalia. Tangu 1931 hadi 1958 kulikuwa reli kutoka hapa ziwani, upande wa Kalundu, hadi Kamanyola, karibu kilomita 94 ndani ya bonde la Ruzizi. Kampuni iliitwa Chemin de fer du Kivu, na kwa kifupi CEFAKI. Leo ukipanda kamio kwenye RN5, ukapita Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi, unafuata bonde lile lile, ila chuma hakuna tena.

Kila mara tukizungumza juu ya reli ile, kuko mtu atasema: shida ilikuwa mvuke. Kama Wabeleji wangebadilisha vichwa vya treni, wakaweka vya mazuti, ingebaki hadi leo na muhogo wetu ungefika bandarini kwa bei ndogo. Nimelisikia neno hili mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa mekaniki, lakini hesabu ya mzigo ndiyo kazi yetu pia, na kwa hesabu hiyo naona jibu ni hapana. Tuifanye pamoja.

Kwanza tuanze na kile ambacho dizeli inaleta kweli, maana si kidogo. Kichwa cha mvuke hakiwashwi kama pikipiki. Mtu anaamka usiku kuwasha moto, maji yanachukua masaa kupata nguvu. Njiani kinasimama kunywa maji. Ndani kinahitaji watu wawili, dereva na mtia moto, na kila baada ya muda boila inafunguliwa na kuoshwa, siku hiyo hakuna safari. Halafu kwenye kuni au makaa unayochoma, nguvu inayofikia gurudumu ni chini ya sehemu kumi kwa mia. Nyingine yote inakwenda hewani na moshi. Dizeli inafikisha karibu sehemu thelathini kwa mia, na asubuhi unaiwasha, unaondoka.

Lakini faida kubwa ambayo watu hawaitaji ni ya uongozaji. Kule Ulaya na Marekani kuko watu wazima wanaojenga treni ndogo za mfano nyumbani, juu ya meza, na wanabishana sana juu ya jambo moja: kichwa changu cha zamani cha dizeli, nikitie kidude cha elektroniki ili nikiongoze peke yake hata kama viko vingine kwenye reli moja, au pesa hiyo ninunue kipya? Wakati mwingine kidude kinakaribia bei ya kichwa chenyewe. Tunaweza kucheka, lakini swali lao ndilo lile lile la reli kubwa. Kwenye dizeli ya umeme, moteri haizungushi gurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme kwenye moteri ndogo zilizo kwenye ekseli. Kwa sababu amri inapita ndani ya waya, unaweza kuunga vichwa viwili au vitatu kwa kebo na dereva mmoja akavitawala vyote na mkono mmoja. Mvuke hauwezi hivyo: vichwa viwili ni timu mbili, na madereva wanapigiana firimbi ili wavute pamoja. Baadaye ikaja elektroniki inayosikia gurudumu likianza kuteleza juu ya chuma chenye maji, inapunguza nguvu kabla dereva hajajua. Kichwa kile kile, uzito ule ule, kinavuta mabehewa zaidi mlimani.

Mlimani. Hapo ndipo reli yetu ilipokwama.

Muangalie ramani. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko 1460. Tofauti ni karibu metre 700, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo haiko kwenye bonde. Iko kati ya Kamanyola na Bukavu, kwenye makorongo ya Ruzizi na miteremko ya Ngomo. Kwa hiyo CEFAKI, ambayo jina lake lilikuwa la Kivu, ilijengwa mahali pepesi na kusimama mguuni mwa mlima. Haikufika Kivu hata siku moja. Kila anayejua barabara ya Ngomo wakati wa mvua ataelewa bila kuchorewa: treni inapenda mteremko wa metre mbili tu kwa kila metre mia, ikizidi hapo inaanza kulia. Kupandisha reli kule kungetaka mizunguko, madaraja na matuneli, na pesa hiyo hakuna aliyeitoa.

Sasa tufuate gunia moja la kahawa kutoka Bukavu, ambayo wakati ule iliitwa Costermansville. Linapakiwa kwenye kamio, linashuka hadi Kamanyola. Linashushwa, linapakiwa kwenye treni. Kalundu linashushwa tena, linapakiwa kwenye meli. Kigoma linashushwa, linapakiwa kwenye treni ya Tanganyika, maana Wabeleji walikuwa na eneo lao pale Kigoma na lingine Dar es Salaam tangu mapatano ya 1921 na Waingereza. Dar linashushwa mara ya mwisho, linaingia kwenye meli ya bahari. Hesabu mabega ya watu. Kila mahali gunia linaposhushwa kuko mshahara, kuko siku za kungoja, kuko mvua, na, tuseme ukweli, kuko kilo mbili zinazopotea.

Katika safari yote hiyo, CEFAKI ilibeba kilomita 94 tu, katikati ya kupakua mara mbili. Sasa mwenye kamio anauliza swali rahisi: mimi nimeshashuka Ngomo, nimeshapita mahali pabaya, nimefika kwenye bonde tambarare, kwa nini nishushe mzigo hapa? Niende nao hadi Kalundu, masaa machache tu. Siku barabara ya bondeni ilipokuwa nzuri kidogo, reli ilikuwa imeshakufa, wamebaki tu kungoja kuizika. Weka dizeli, weka vichwa viwili vya dereva mmoja, weka hata elektroniki ya leo: hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoondoa kule kushusha gunia Kamanyola. Bei ya kuvuta ilikuwa sehemu ndogo. Bei ya kugusa mzigo ndiyo ilikuwa kubwa.

Kuko pia jambo la msimu, na hapa nasema kama mtu wa shamba. Bonde la Ruzizi lilikuwa bonde la pamba. Pamba haiji kila wiki. Inavunwa kwa wakati wake, inajaza mabohari, halafu kimya. Kichwa cha treni kinadai mshahara, grisi na fundi miezi kumi na miwili. Na kadiri kinavyokuwa cha bei kubwa ndivyo kinavyoumiza kikisimama, kwa sababu deni lake halilali. Kichwa cha zamani kilicholipwa kitambo kinaweza kusimama miezi minne bila kumfilisi mtu. Kipya hakiwezi. Kinachoniumiza ni kwamba mzigo wa mwaka mzima ulikuwa mlangoni: kiwanda cha sukari cha Kiliba kilizaliwa katika miaka ile ile ya 1950 ambayo reli ilikuwa inakufa. Miwa inaingia, sukari inatoka, kilomita chache kutoka bandarini. Hata umeme wa Ruzizi I ulianza karibu wakati ule ule, na Katanga walikuwa wameshaanza kuvuta treni kwa umeme tangu 1952. Vitu hivi vitatu vilipishana.

Mutaniambia: hayo ni ya wakoloni, leo teknolojia imebadilika. Basi tuangalie Kenya. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ilipewa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2014 kampuni ikaanza kupokea vichwa 20 vya dizeli vilivyokwisha kutumika Marekani, aina ya B23-7 ya General Electric, kwa karibu dola milioni 25. Gawanya: ni kama milioni moja na robo kila kimoja, kwa mashine za miaka ya 1970 na 1980 zilizofanyiwa marekebisho na kubadilishiwa magurudumu ili ziweze kukaa kwenye reli nyembamba ya metre moja. Kwa upande wa mashine naona ulikuwa uamuzi wa akili: chuma cha zamani, nguvu ya kutosha, bei chini ya mpya. Lakini reli chini ya vile vichwa ilikuwa ya kuchoka, na kamio za Mombasa zilikuwa zimeshachukua mzigo. Mwaka 2017 Kenya ikavunja mkataba.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, na wenyewe uliishia vizuri. Meli Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, ila mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaitoa majini 1924, na 1927 ikarudi kazini na injini zake zile zile za mvuke. Zilifanya kazi hadi miaka ya 1970, ndipo wakatia dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine kwa msaada wa Denmark. Wazazi wetu wengi wanaijua kwa sababu nyingine: mwaka 1997 ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa miezi mitano, ikirudisha wakimbizi zaidi ya 75 000 waliotaka kurudi nyumbani.

Kwa nini kubadilisha injini kuliiokoa Liemba na mimi nasema kusingeiokoa CEFAKI? Meli haina reli ya kutunza. Ziwa ni barabara ya bure, na Liemba ilikwenda kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho bila mtu kugusa mzigo katikati. Kitu kilichochoka kilikuwa injini kweli, kwa hiyo dawa ilikuwa injini. Kwenye reli yetu kilichougua ni urefu wa njia.

Tusisahau pia upande wa piesi. Boila ikitoboka, fundi chuma wa hapa na nyundo yake anaweza kuiziba. Pampu ya sindano ya dizeli inataka mtu aliyefundishwa na karakana safi. Kadi ya elektroniki ikiungua, hata fundi mzuri anakunja mikono, anaandika barua Ulaya au Marekani, na treni inangoja. Kila hatua ya uongozaji bora inapunguza watu ndani ya kichwa cha treni na kuongeza watu wa mbali ambao lazima uwalipe. Sisemi tubaki na mvuke. Nasema bei hiyo iandikwe kwenye karatasi tangu mwanzo, pamoja na bei ya kununua.

Kwa nini nayaleta leo? Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, na kwenye mipango yao njia inaendelea Gitega, Bujumbura, Uvira, hadi Kindu. Reli hiyo ni ya umeme, kama ile ya Dar kwenda Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024. Ubishi wa mvuke na mazuti umekwisha. Lakini kati ya Uvira na Kindu kuko milima ya Mitumba, na ikisimama Uvira miaka mingi kabla ya kupanda, tutakuwa tena na stesheni mguuni mwa mlima. Swali letu wa kilimo si kichwa gani kitavuta. Ni tani ngapi za mchele, muhogo na mahindi bonde linaweza kuleta stesheni mwezi wa pili, mwezi wa saba na mwezi wa kumi na moja, na nani atazishusha mara ngapi. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na sisi wenyewe, kijiji kwa kijiji, kabla injinia hajafika.

Watoto wa Uvira wanatengeneza kamio za bati na waya, nzuri kabisa, na usukani mrefu wa fimbo. Treni sijaona hata moja. Mtu aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka 1958 leo amepita themanini. Kama kwenu Kiliba, Sange au Luvungi kuko muzee au mama aliyepanda treni ile au aliyepakia pamba yake, mukae naye jioni moja, muandike majina ya stesheni, mizigo na bei ya tiketi, mutuletee hapa.