Leopards mwaka 1974: Machi tulicheka, Juni tulilia



Kila mara Leopards wanapopoteza mechi, simu ya studio hainyamazi. Mmoja anataka kocha afukuzwe usiku huohuo. Mwingine anasema wachezaji wanaokula mkate wa Ulaya hawana uchungu wa nchi. Wa tatu anasema timu imerogwa. Juma linalofuata timu inashinda, na sauti zilezile zinarudi kuimba. Vijana wanadhani ugonjwa huu ni wa kizazi chao. Lakini baba zao waliupata mbaya zaidi, na waliupata wote katika miezi 4 tu, kati ya Machi na Juni 1974. Leo nataka tuuangalie mwaka huo polepole, kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake chini ya miti na kwenye foleni za maji ni nusu ya ukweli, na nusu ile iliyofichwa iliwaumiza watu.

Kwanza tujue mashabiki walikuwa wamezoea nini. Wakati huo nchi iliitwa Zaire, na mpira wake haukuwa wa kuchekwa. Mwaka 1968 timu ya taifa ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ethiopia kwa kuifunga Ghana 1 kwa 0, bao la Kalala. TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita Mazembe, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Mwaka 1973 ikawa zamu ya AS Vita Club ya Kinshasa: ilifungwa 4 kwa 2 na Asante Kotoko kule Ghana, ikarudi nyumbani ikashinda 3 kwa 0. Mwaka huohuo Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Mwezi wa Desemba Leopards wakaipiga Morocco 3 kwa 0 mjini Kinshasa na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Hakuna timu ya Afrika iliyo kusini ya Sahara iliyokuwa imefika huko kabla yao.

Nyuma ya hayo yote alikuwepo Rais Mobutu. Ndiye aliyewarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na ni chini yake timu ikaitwa Leopards, yaani chui, mnyama wa kofia yake mwenyewe. Wachezaji walipewa nyumba na magari. Basi shabiki aliyesikia kwamba fulani amepewa gari na rais alimhesabu kuwa mtu aliyekwisha kulipwa, tena kulipwa vizuri. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

Kule Misri, mwezi wa Machi, timu ilianza kwa namna yake ya kuwatesa watu wake. Ikaifunga Guinea 2 kwa 1, halafu ikapoteza kwa 2 kwa 1 mbele ya Kongo-Brazzaville. Mbele ya Brazza! Kwa mtu wa Kinshasa, Brazza ni ng'ambo ya mto tu, na kicheko chao kinavuka maji bila pasipoti. Kisha Morisi ikapigwa 4 kwa 1 na roho zikatulia kidogo. Nusu fainali ikachezwa Cairo, mbele ya wenyeji wenyewe, na Misri ikaongoza 2 kwa 0. Hapo mwenye redio angeweza kuizima ili kuokoa betri, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliyeizima alikosa mabao 3 katika muda usiofika dakika 20: Ndaye Mulamba, kisha nahodha Kidumu Mantantu, kisha Ndaye tena. Zaire 3, Misri 2.

Fainali ilikuwa na Zambia, tarehe 12 Machi. Dakika 90 ziliisha 1 kwa 1. Katika muda wa nyongeza Ndaye akafunga dakika ya 117, na watu wakaanza kuhesabu kombe kuwa lao. Zambia wakasawazisha dakika ya mwisho kabisa. Siku hizo fainali haikumalizwa kwa penalti; ilibidi irudiwe baada ya siku mbili. Tarehe 14 ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote 4 ya fainali hizo mbili yalifungwa na Ndaye peke yake. Kwa jumla alifunga 9 katika mashindano hayo, na hadi leo hakuna mtu aliyefikisha mabao hayo katika Kombe la Afrika moja. Alikuwa mtoto wa Kananga, mchezaji wa Vita Club, na mashabiki walimwita Mutumbula, jina ambalo wazazi wa kwetu wanalitumia kutishia watoto wasitembee usiku.

Basi fikiria shabiki wa mwezi wa Aprili. Timu yake ni bingwa wa Afrika, inakwenda Ujerumani Magharibi, na ndani yake kuna mtu anayefunga kila anapogusa mpira. Hakuna aliyekuwa akitarajia kuifunga Brazil, lakini aibu pia hakuna aliyeitarajia.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, ilikuwa na Scotland. Walifungwa 2 kwa 0, mabao yote katika kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili walijikaza. Kama mambo yangebaki hapo, leo tungesema tu kwamba walicheza kiume. Lakini kabla ya mechi ya pili wachezaji waligundua kwamba pesa zao za mechi, zile ambazo kila mchezaji wa kwetu anaziita prime, hazitafika mikononi mwao. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba pesa hizo ziliishia mifukoni mwa wakubwa waliosafiri nao, na kwamba walifikiria kukataa kucheza. Mwishowe waliingia uwanjani. Miili iliingia, ndiyo. Moyo, sina hakika.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, Yugoslavia ilikuwa na mabao 3 baada ya dakika 18. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamtoa kipa Kazadi Mwamba na kumweka Tubilandu Ndimbi, kipa mfupi wa kimo. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuutoa mpira wavuni. Katika vurugu ya bao hilo la nne, beki Mwepu Ilunga alimpiga teke mwamuzi kutoka Colombia. Mwamuzi aligeuka akiwa na hasira, akamwonyesha kadi nyekundu mtu mwingine kabisa: Ndaye Mulamba. Mwepu alikuja kukiri wazi kwamba mguu ule ulikuwa wake. Hivyo mfungaji wa mabao 9 ya Misri akamaliza Kombe lake la Dunia dakika ya 22 ya mechi ya pili, kwa kosa ambalo hakulifanya. Mapumziko yalikuta 6 kwa 0. Mwisho 9 kwa 0.

Huku nyumbani maelezo yalizaliwa haraka. Wengine walisema kocha ameuza mechi kwa ndugu zake. Hakuna aliyeleta ushahidi. Wengine walisema wachezaji wamelewa utajiri, magari yamewaharibu. Mimi, kama mtu wa redio, naona hapa ndipo shabiki alipodhulumiwa kuliko hata uwanjani. Alipewa matokeo bila kupewa sababu. Redio ilikuwa ya serikali, na ni mtangazaji gani wa siku zile angethubutu kusema hewani kwamba wachezaji hawajalipwa na kwamba pesa zimeliwa na watu wa serikali ileile? Mtu akiwa na hasira na hana habari, atamkasirikia anayeonekana. Aliyeonekana ni mchezaji.

Kisha ikaja Brazil, tarehe 22 Juni, na kitendo ambacho bado kinachekwa duniani kote. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukiona. Brazil inaongoza 3 kwa 0, zimebaki dakika chache, wana mpira wa adhabu karibu na lango. Rivelino amesimama tayari. Mwamuzi anapuliza filimbi, na kabla Mbrazil hajapiga, Mwepu anachomoka kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mpira mbali kabisa. Anapewa kadi ya njano. Watangazaji wa Uingereza walisema huo ni ujinga wa Mwafrika asiyejua sheria. Na tuseme kweli, hata sisi tuliucheka. Nimesikia watu wazima wakiusimulia kama kichekesho.

Mwepu alikuwa amekwisha kucheza fainali za Afrika na za Misri, sheria aliijua. Alieleza mwenyewe miaka mingi baadaye. Alisema baada ya yale mabao 9, walinzi wa rais walifika hotelini, wakawafukuza waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa mabao 4 na Brazil, hakuna hata mmoja atakayerudi nyumbani. Sasa rudia kuiangalia picha ile ukijua hilo. Matokeo ni 3. Bao moja zaidi ni 4. Mpira uko mguuni mwa Rivelino, ambaye tayari amekwisha kufunga bao siku hiyo. Mwepu alisema alitaka kupinga, kwa nini waendelee kuumizwa wakati wakubwa wanakula pesa, na kwamba hata kadi nyekundu angeipokea. Mechi iliisha 3 kwa 0.

Hiyo 3 pia iliwaliza watu wengine. Brazil walihitaji mabao hayo 3 kamili ili kuipita Scotland, na la tatu lilipita chini ya mwili wa Kazadi dakika ya 79. Scotland walirudi kwao bila kupoteza mechi hata moja. Kwa hiyo walikuwepo mashabiki huko mbali nao walioilaumu Zaire, kwa sababu zao.

Wachezaji walirudi, na walirudi kimya. Kile kilichotolewa kwa makelele kwenye kufuzu hakikuonekana tena. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo macho ya nchi yalikuwa kwa Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, na pesa za serikali zikahamia kwenye ngumi. Miaka 2 baadaye, Leopards walikwenda Ethiopia kutetea kombe lao wakatolewa katika makundi bila kushinda mechi hata moja. Tangu Machi 1974 Kombe hilo la Mataifa ya Afrika halijarudi kwetu. Tumechukua CHAN mwaka 2009 na 2016, na watu walicheza barabarani, lakini kila shabiki anajua tofauti.

Sasa sikilizeni habari ya Ndaye, hasa ninyi mliotoka vijijini mwenu na mizigo kichwani. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kuheshimiwa kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakidhani mtu maarufu kama huyo lazima ana dola, wakampiga risasi mguuni. Mguu wa mchezaji. Vita ilipokuja alipoteza mtoto wake mkubwa wa kiume, na mwaka 1996 akakimbia peke yake hadi Afrika Kusini, akawa mkimbizi kama wakimbizi wengine. Aliishi Cape Town, katika mtaa wa watu maskini, na akafanya kazi ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, Kombe la Afrika lilisimama dakika moja ya kimya kwa ajili yake, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa katika machimbo ya almasi ya Angola. Alikuwa hai, akilinda magari.

Sijui kama wale waliosimama uwanjani kwa heshima siku ile wangemtambua wangempita barabarani. Mtu aliyepewa nyumba na gari na rais, na mashabiki tukamhesabu kuwa amelipwa maisha yake yote, alikuwa akingoja sarafu kutoka dirishani mwa gari. Mwepu naye hakuzeeka tajiri. Alifariki Kinshasa mwezi wa Mei 2015. Ndaye alifariki Johannesburg mwezi wa Januari 2019.

Tunatafuta sauti za wazee waliosikiliza mechi za mwaka huo, ya Cairo au ya Gelsenkirchen, mahali popote katika Kivu, Maniema, Katanga au Kasai. Kama baba, babu au jirani yako katika kambi anakumbuka nani alikuwa na redio, watu walikaa wapi na walisema nini bao la 9 lilipoingia, mwambie amtafute mwandishi wetu siku ya ugawaji wa chakula. Tutamrekodi kwa Kiswahili au kwa lugha yake. Na akina mama pia, kwa maana nimeambiwa mara nyingi kwamba betri za redio ndio waliozinunua.